Burse Isiishie Mwaka wa Kwanza: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Mkoa wa Haut-Katanga,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Mkoa,
Kwa wakuu wa makampuni ya madini na wasimamizi wa ile asilimia 0.3 ya mauzo ya migodi inayotengwa kwa jamii,
Kwa wakuu wa vyuo vikuu na vyuo vya juu vya Lubumbashi

Kuhusu: wanafunzi maskini wanaosaidiwa kuanza, kisha wanaachwa kabla ya kumaliza

Waheshimiwa, baba zetu na mama zetu,

Nawasalimu kwa heshima. Nina kibanda cha fotokopi karibu na kampasi moja ya mji huu. Natoa nakala za silabusi, yale maandishi ya somo ya walimu, naandika kazi za wanafunzi kwenye kompyuta, nachapisha memwari (kazi za mwisho za kuhitimu) na kuzijalidi. Mimi si profesa wala mtu wa siasa. Lakini karatasi za mwanafunzi, tangu risiti ya kwanza ya minervali (ada ya chuo) mpaka ukurasa wa shukrani wa memwari, zote zinapita mezani pangu, na mtu akikaa miaka mingi pale karatasi zinapopita, anaanza kujua nani atamaliza na nani atakatikia njiani. Ndiyo sababu nimethubutu kuwaandikia.

Burse nyingi (ufadhili wa masomo) zinazotolewa hapa kwetu zinalipia kuanza. Na mtoto wa maskini hashindwi kuanza! Ukoo mzima unachanga, mjomba anauza baiskeli, mama anaomba zamu yake ya likelemba (upatu) iletwe mbele. Anashindwa baadaye, mwaka wa pili, wa tatu, wa tano, kwa pesa ambayo ninyi mngeiona ndogo, na kwa kukosa mtu wa kumwambia: nenda ofisi ile, leo, kabla hawajafunga. Kama pesa ni ileile, afadhali msaidie wachache mpaka wamalize kuliko kupiga picha na wengi mwezi wa kumi.

Sidharau zile sherehe. Matokeo ya mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari yakitoka, waliopata asilimia kubwa wanaitwa ukumbini, wanavishwa fulana yenye nembo ya mfadhili, wanapewa bahasha, na mama zao wanapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka. Ni furaha ya kweli. Tatizo ni kwamba mwaka unaofuata ukumbi uleule unajaa watoto wapya, na wale wa kwanza hakuna anayeuliza wamefikia wapi. Kuna kijana mmoja aliyeendelea kuvaa fulana ile ya burse hadi rangi ikapauka, huku burse yenyewe ilikuwa imekwisha zamani. Alikuwa akija kwangu kuomba nimuuzie karatasi zilizochapwa upande mmoja, ili aandikie upande wa pili.

Niwaeleze jinsi pesa ya mwanafunzi inavyokwenda, maana wengi wenu mlisoma zamani, au watoto wenu wanasoma Ulaya na Afrika Kusini. Minervali ndiyo inayojulikana, na inalipwa kwa awamu. Baada yake inakuja enrolema, ile ya kujiandikisha kabla ya kila kipindi cha mitihani. Asiyelipa haingii chumba cha mtihani, hata kama amesoma usiku na mchana. Kuna silabusi za kila somo. Kuna usafiri wa kila siku kutoka Katuba, Ruashi au ndani kabisa ya Annexe, taksi mbili kwenda, mbili kurudi, na siku ya mvua bei inapanda. Anayesoma udaktari anunue blauzi nyeupe ya hospitali, anayesoma jiolojia aende kwenye miamba na nyundo yake, na wote wafike siku moja kwenye staji, yaani mazoezi ya kazi, ambako mwanafunzi anafanya kazi bila mshahara wiki nyingi na bado anatakiwa kula. Mwisho kabisa, memwari.

Sasa angalieni kalenda. Huku kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi na moja na kuisha mwezi wa nne. Mahindi yanavunwa mwezi wa nne na wa tano. Familia ya Kasenga, ya Mitwaba au ya Pweto ina pesa mkononi baada ya mavuno. Lakini chuo kinadai awamu zake na enrolema ya kwanza katikati ya mvua, miezi ile ambayo ghala liko tupu, barabara zimekuwa matope, na hata bukari (ugali) ya jioni inapimwa. Mwanafunzi hana deni kwa sababu baba yake ni mvivu. Ana deni kwa sababu mahindi bado ni majani. Burse inayofika mwezi wa sita, baada ya saini za watu wanane, inamkuta tayari ameshapoteza mwaka. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Kwa mwanafunzi kutoa ni tarehe pia.

Binti mmoja wa upande wa Kasenga, mama yake anauza samaki wa Luapula, alikuwa akinunua silabusi kwa vipande. Alikuwa akiniambia: "Mama, unipatie kwanza sura mbili, ingine nitakuya kukamata kisha." Nilikuwa namkatia sura mbili. Mtihani ukiulizwa sura ya tano, basi tena. Alikuwa na akili kuliko wengi waliokuja na pesa kamili na kuacha silabusi zao kaunta wakiongea na simu. Mwaka wa kwanza alipita. Wa pili alipita, kikao cha pili cha mitihani. Wa tatu sikumwona. Niliambiwa anauza krediti za simu karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini.

Katika kompyuta yangu kuna folda yenye memwari ambazo zimeandikwa, zimesahihishwa na mwalimu msimamizi, na hazikuchapishwa. Ni kazi nzima, na meza ya yaliyomo, na ukurasa wa kumshukuru Mungu na mjomba. Mwenyewe alikuwa anatafuta pesa ya kuchapisha nakala zinazotakiwa na kuzijalidi, tarehe ya kuweka kazi ikapita, akasema atarudi mwaka kesho. Wengine hawajarudi. Kuna moja inayohusu maji ya visima vya Kipushi, nimeisoma yote kwa udadisi wangu, na ningependa sana mtu wa wizara yenu aisome. Fikirini: familia imebeba miaka mitano, na yote imekwama kwenye bei ya karatasi na wino. (Msiniulize kwa nini mimi mwenyewe sikuchapa bure. Wengine niliwachapia. Umeme ukikatika natumia jenereta, na muuza petroli hanikopeshi.)

Lakini pesa peke yake haitoshi, na hapa naomba mnisikilize vizuri zaidi, maana ndipo wafadhili wengi wanapochoka.

Mtoto ambaye baba yake alisoma chuo anajua mambo ambayo hayaandikwi popote. Anajua kwamba ubao wa matangazo unasomwa kila asubuhi. Anajua kwamba matokeo yakitoka na alama yako haipo, una siku chache tu za kuandika barua ya kudai, na barua hiyo ina namna yake. Anajua kumwomba mwalimu amsimamie kazi kabla walimu wazuri hawajajaa. Anajua kwamba kwenye mfumo huu mpya wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi (shahada ya kwanza) ni kredi 180 na masta (shahada ya pili) ni 120, na kwamba kredi moja uliyoiacha nyuma inakufuata. Mtoto wa mchimbaji wa mkono kutoka Kambove hajui hata moja kati ya hayo. Si ujinga. Nyumbani kwao hakuna aliyepita huko.

Nimeona jinsi mtu mmoja anavyoweza kubadilisha hayo. Miaka kadhaa alikuwapo kijana wa masta, watoto wote walikuwa wakimwita Yaya, yaani ndugu mkubwa, na kwa hiari yake alikuwa anawakusanya wadogo wachache kwenye benchi langu la nje kila wiki. Hakuwa na pesa ya kuwapa. Siku moja matokeo yalitoka, na mmoja wao alikuwa na sifuri kwenye somo alilolifanya vizuri. Mtoto alikaa chini akalia, akasema anarudi kijijini. Yaya akamwinua, akamketisha mbele ya kompyuta yangu, akamwambia aandike: jina, namba, somo, tarehe ya mtihani, jina la aliyekuwa akisimamia chumba. Barua ilitoka mchana uleule, ikapelekwa na kupigwa mhuri wa kupokelewa. Kumbe alama zake hazikuhamishwa kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Akapita mwaka. Gharama yake ilikuwa ukurasa mmoja.

Kwa wasichana jambo hili ni zito zaidi, na sote tunalijua ingawa tunaliongea kwa kunong'ona. Yuko mwalimu anayemwambia binti aje kuchukua alama zake mahali ambapo si ofisini. Binti asiye na mtu nyuma yake ana njia mbili, na zote mbili zinamharibu. Binti ambaye mwalimu anajua ana mama mlezi, mwenye jina na simu, anayekuja kusalimia ofisi ya fakulte (kitivo) kila mwezi, huyo haguswi kirahisi. Ulezi kwa msichana ni ulinzi kabla ya kuwa ushauri.

Mtaniambia hayo ni maneno ya mama wa fotokopi. Basi chukueni mfano wenye vipimo. Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, kilianza mwaka 2007 mpango unaoitwa ASAP kwa vyuo vyake vya miaka miwili, ambako wanafunzi wengi ni wa familia za kipato kidogo. Waliwafutia wanafunzi pengo la ada lililobaki, wakawasaidia vitabu, wakawapa kadi ya usafiri ya kila mwezi, na kila mmoja akapata mshauri anayeonana naye mara kwa mara. Mshauri mmoja alibeba wanafunzi 60 hadi 80; kawaida pale ilikuwa mamia kwa mamia. Watafiti wa shirika la MDRC walilinganisha makundi mawili yaliyogawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miaka 3, katika kundi la mpango wanafunzi 40 kwa 100 walikuwa wamehitimu. Katika kundi jingine walikuwa 22. Na hili liwaingie wahasibu wenu: mpango ulikuwa ghali zaidi kwa kila mwanafunzi, lakini gharama ya kila diploma iliyopatikana ilikuwa ndogo zaidi, kwa sababu pesa nyingi hupotelea kwa wale wanaoanza bila kumaliza.

New York si Lubumbashi. Huko hawasomi kwa tochi ya simu. Lakini angalieni walichokiweka ndani: usafiri, vitabu, mtu. Ni mambo yaleyale ninayoyaona yakikosekana mezani pangu.

Na sisi tulishawahi kuwa na kitu cha namna hii. Wazee waliosoma wakati wa UNAZA, chuo kikuu cha taifa cha Zaire, kati ya 1971 na 1981, wanakumbuka burse ya mwanafunzi, chumba kwenye home (bweni) na chakula cha mkahawa wa kampasi. Gécamines, kampuni ya dola ya migodi, ilikuwa na shule zake, na watoto wa wafanyakazi wake walisukumwa mpaka vyuo. Mwaka 1986 kampuni ile ilitoa shaba karibu tani 476,000. Kisha yakaja yaliyokuja, mgodi wa Kamoto ukaporomoka 1990, uzalishaji ukashuka mpaka sehemu ndogo kabisa, na 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wajukuu wa watu hao ndio wanaonunua silabusi kwa vipande.

Leo Kongo inatoa shaba zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, na kobalti kuliko nchi yoyote duniani. Malori yanapita usiku kucha kwenda mpakani Kasumbalesa. Ninyi mnajua hesabu kuliko mimi, lakini kwa akili ya kawaida: tulipokuwa na tani zisizofika nusu milioni tuliweza kumlisha mwanafunzi, leo tani zimezidi mara nne na mwanafunzi hawezi kuchapisha memwari. Najua madini ya siku hizi yana wenyewe wengi, si kampuni moja ya dola. Ndiyo maana sheria ilibadilishwa.

Sheria ya 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 inasema kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi. Na ule ushuru wa madini, asilimia 3.5 kwa shaba, asilimia 10 kwa kobalti tangu itangazwe kuwa madini ya kimkakati, unagawanywa hivi: nusu kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini (serikali ya mtaa) au usultani ambako mgodi uko, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Pesa hizi zipo. Zinajenga madarasa, visima, zahanati, na nashukuru. Lakini darasa lina ukuta wa kubandikwa kibao chenye jina la mtu, na mwanafunzi aliyemaliza hana pa kubandika. Naogopa hiyo ndiyo sababu watu hawapendi kumlipia.

Ninachoomba ni hiki. Kila chombo kinachosimamia 0.3, na kila komini inayopokea ile 15, kiweke fungu la burse lenye masharti ya kumaliza. Yaani mtoto akichaguliwa, jina lake libaki mpaka aweke memwari yake, miaka mitatu ya lisansi na miwili ya masta kama anaendelea, zaidi kwa udaktari, mradi anapita. Na akianguka mara moja asifukuzwe, aulizwe kwanza kilichotokea. Pesa zigawanywe kulingana na kalenda ya chuo: minervali ilipwe moja kwa moja chuoni, enrolema ilipwe wiki moja kabla haijadaiwa, usafiri na silabusi ziingie kwenye simu ya mwanafunzi mwenyewe kila mwezi, na fungu la mwisho la staji na memwari lifungwe tangu siku ya kwanza, lisiguswe kwa lingine lolote. Kama bajeti inatosha watoto kumi, chukueni kumi. Msichukue thelathini.

Kila kumi wapewe mlezi. Mkimwita profesa mkubwa, ataonekana siku ya picha tu. Tafuteni wanafunzi wa masta waliotoka kwenye umaskini uleule, na kwa wasichana wanawake waliokwisha hitimu wanaofanya kazi hapa mjini: manesi, wahasibu, wanasheria vijana. Walipeni usafiri na krediti ya simu, hata kama ni kidogo, maana kazi ya bure inafika mwezi wa pili inakufa. Waandike ukurasa mmoja kwa mwezi kuhusu kila mtoto. Mtoto akikosa masomo wiki mbili, mlezi aende kwao Katuba akagonge mlango.

Kuhusu kuchagua, asilimia za mtihani wa serikali zisiwe kipimo pekee. Aliyepata 62 akisomea taa ya mafuta kule Mitwaba anaweza kumpita aliyepata 80 kwenye shule ya ada kubwa hapa mjini. Na tafadhali, barua za "nipokelee huyu mtoto wa ndugu yangu" ziachwe mlangoni. Bandikeni majina kwenye komini na kwenye kanisa, pamoja na kijiji cha kila mtoto na kazi ya wazazi wake. Majirani wenyewe watasema nani ana gari nyumbani.

Wapo watakaosema afadhali mikopo, kama Kenya wanavyofanya tangu 1995 kupitia HELB, bodi yao ya mikopo ya wanafunzi, au Tanzania na bodi yao iliyoundwa kwa sheria ya 2004. Ni mifumo mizuri, na siku moja tuifikie. Lakini mkopo unarudishwa kwa kukata mshahara, na hapa kwetu wengi waliohitimu hawana mshahara wa kukatwa. Mkimkopesha leo mtoto wa Pweto, mtakuwa mmempa diploma na deni kwa pamoja. Wengine watasema vyuo vinatoa wahitimu wasio na kazi, kwa nini kuongeza? Kwanza, mbona hamwaambii hivyo watoto wenu? Pili, aliyeachia mwaka wa tatu hana kazi na hana diploma, na migodi inaendelea kuleta mafundi kutoka nje ikisema hapa hakuna.

Mwaka mpya wa bajeti unakuja, na makubaliano ya makampuni na jamii yanapitiwa upya baada ya muda. Naomba fungu hili liandikwe humo kwa jina lake, na komini moja ijaribu kwanza: Ruashi au Annexe, ambako migodi na wanafunzi wako mahali pamoja. Enrolema inayokuja iwakute watoto hao wamelipiwa. Mtu wenu akitaka kuona risiti, silabusi zilizokatwa na ile folda ya memwari, kibanda changu kiko wazi kuanzia saa moja asubuhi, Jumapili baada ya misa. Wenye memwari hizo nawapigia simu wiki hii kuomba ruhusa yao.

Pokeeni, Waheshimiwa, heshima zangu.

Mama wa fotokopi,
Lubumbashi

Nakala kwa: wakuu wa komini zote saba za mji, kamati za wazazi, wanafunzi wawakilishi wa kila promosheni (darasa), ambao naomba waisome kwa sauti mbele ya wenzao kabla somo halijaanza.